Matanga ya Mtu Niliyemsoma Nusu

Jumapili, 16 Novemba 2025

Leo ni miaka mitatu na miezi saba tangu nitoke kwetu Naitiri kuja Nairobi. Niliondoka na begi moja na maneno mengi. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikatangaza kwamba sitakanyaga boma langu tena mpaka nishike cheti cha kidato cha nne. Watu wakaahidi kunichinjia ng'ombe nikirudi, wakapiga makofi. Mke wangu Jentrix hakupiga. Nilidhani ni kwa sababu alikuwa amemshika binti yetu Mourine mkono.

Nilipanga kumaliza upesi. Kidato cha tatu nimekirudia. Hisabati ndiyo iliyoniangusha. Na Kiingereza. Na Kemia, lakini kidogo.

Mwaka huu mambo ni tofauti. Masomo mengine nimeponea chupuchupu. Imebaki fasihi tu. Na leo mwalimu Waithira ametuletea habari njema kule Ayany, katika chumba cha kanisa tunachosomea sisi watu wazima. Hakuna mtihani wa fasihi! Badala yake kila mtu atengeneze kazi ya ubunifu kuhusu tamthilia tuliyosoma mwaka mzima. Wimbo, mchoro, igizo, chochote. Aonyeshe jinsi kitabu kilivyoingia katika maisha yake. Siku ya kuonyesha ni Jumamosi, tarehe ishirini na tisa. Atakayefaulu atapanda kidato cha nne. Asiyefaulu atabaki na wadogo zake.

Siwezi kubaki. Bega langu la kushoto limeanza kulia kama geti lisilotiwa mafuta kila ninapoinua karai la kokoto. Ephantus, msimamizi wa mjengo ninaofanyia kazi mtaa wa Raila, amesema karani wa stoo anaondoka mwakani, na kiti chake ni cha mtu aliye kidato cha nne. Kukaa kivulini! Kutoa misumari kwa watu waliopanga foleni! Nimekwisha kujiona nikiwakemea.

Tatizo dogo tu. Kitabu bado sijakisoma.

Jumanne, 18 Novemba

Nimekisoma!

Hakikunichukua muda. Nilikinunua kwa mchuuzi wa pale stendi ya Kawangware 56 ambaye pia huuza njugu, na kurasa za mwisho alikuwa amezichana akafungia njugu. Mtu mwingine angelalamika. Mimi nilimshukuru. Kazi imepungua.

Kisa ni hiki. Wangwe, mtu wa magharibi mwa Kenya kama mimi, anamwacha mkewe nyumbani anakuja mjini kujenga madaraja. Miaka inapita. Mvua kubwa inanyesha, mto unafurika, daraja linabomoka. Kiatu chake kinapatikana matopeni. Rafiki zake wanalia. Katika ukurasa wa themanini na sita mmoja wao anasema, "Wangwe hayuko nasi tena, na mimi nina." Basi. Mwisho. Amekufa. Inasikitisha. Nimependa sana jinsi mwandishi alivyoiacha sentensi njiani. Nadhani ndiyo fasihi ya siku hizi.

Nimepita kwa Kevin kunyolewa ili nijue anapanga nini. Kevin ni kinyozi wa pale 56, tunasoma darasa moja, na umri wake naweza kuufunika kwa kofia. Anatengeneza filamu kwa simu! Ina muziki! Ameniuliza, mzee wangu, wewe utaleta nini, jiwe? Wateja wote wakacheka. Halafu akaninyoa vibaya upande mmoja.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeamua kuleta jiwe.

Wazo lilinijia jana nikichanganya zege. Daraja! Daraja dogo la zege, la kuweka mezani, lenye nguzo mbili na ufa katikati. Kevin ana simu, mimi nina mikono. Wakati wa chakula cha mchana nikachukua mabaki ya zege, vipande vya mbao na nondo moja fupi. Nikajenga. Likatoka daraja zuri kuliko la serikali.

Leo limekauka. Halinyanyuki. Nilijaribu peke yangu, bega likalia. Nikawaita watu wawili, tukajaribu. Nikamwita wa nne. Tukalisogeza kidogo, likamkanyaga mmoja wetu kidole. Ephantus akaja, akalizunguka polepole, mikono nyuma. Akaniuliza kama mwalimu wangu ana winchi. Akaagiza libaki pale pale. Sasa ni ngazi ya kupandia choo cha mjengo. Kila mtu anayeingia anasema asante, Khamala.

Jumamosi, 22 Novemba

Wazo jipya. Jepesi. La karatasi.

Wangwe amekufa. Mtu akifa, anatangazwa. Mwandiko wangu ni mzuri, hata mwalimu Waithira husema ndio unaonisaidia. Nikanunua karatasi kubwa ya manila na kalamu nene, nikapika uji mzito wa gundi, nikabandika kitambaa cheusi pembeni. Picha sikuwa nayo. Nikamchora. Masharubu yalizidi upande mmoja, lakini ana uso wa mtu mwema.

Nikaandika: Kwa masikitiko makubwa twatangaza kifo cha ndugu yetu mpendwa Wangwe, fundi wa madaraja, aliyechukuliwa na maji akiwa kazini, mbali na kwao. Ameacha mke na watoto. Habari za mipango zitatolewa papa hapa.

Hilo la mwisho nimelitia ili lionekane la kweli. Matangazo yote huwa nalo.

Gundi ilikataa kukauka. Chumbani haiwezekani, kwa sababu Murunga, mwenzangu wa chumba na wa mjengo, alikuwa anakaanga samaki na hana huruma na moshi. Nikalitundika nje, kwenye geti la ploti, ua wa vyumba tunamopanga. Upepo wa huko ni mzuri.

Jumapili, 23 Novemba

Balaa.

Nimetoka darasani nikakuta sukari mlangoni. Pakiti kadhaa. Majani ya chai. Unga. Mama Daisy wa chumba cha mkabala, macho mekundu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaingia kwake. Nikabaki nimesimama na unga.

Ndani nikamkuta Murunga amevaa koti. Murunga havai koti hata akienda kanisani. Akaniambia nisijali, kamati imeshaundwa, yeye ndiye mwenyekiti. Akanilaumu kidogo. Kwa nini nibebe mzigo kama huu peke yangu na watu wapo?

Sasa nieleze, maana mwalimu anasema shajara nzuri hueleza. Sisi watu wa magharibi tukiwa Nairobi, mmoja wetu akifa hatuulizi sana. Unakuja jioni, unaleta sukari, unakaa. Kuuliza marehemu ni nani ni aibu. Ni kama kukiri kwamba alipokuwa hai hukujishughulisha naye. Jina ni Wangwe, tangazo liko kwenye geti, inatosha. Kwa hivyo hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alidhani ni yeye tu asiyemkumbuka vizuri.

Nilifungua kinywa niseme ukweli. Naapa nilikifungua. Halafu nikatazama uani. Watu kama ishirini wamekaa kwenye ndoo na mawe, wanaimba taratibu, sauti ya pili na ya tatu zikiingia zenyewe. Na mimi nikakumbuka kwamba mwalimu alisema tunaweza kufanya igizo.

Igizo! Kevin ana filamu ya dakika tatu. Mimi nina matanga kamili, na waigizaji hawajui wanaigiza!

Nikafunga kinywa.

Jumanne, 25 Novemba

Wakarima amekuja. Yeye ndiye mwenye ploti. Marehemu baba yake alikuwa na shamba hapa zamani, na yeye hutukumbusha kila mwezi. Nilijua amekuja kutufukuza kwa sababu ya kelele. Alisimama getini akasoma tangazo. Akalisoma tena. Akauliza kwa nini watu wanakaa kwenye mawe kama kwamba ploti haina mwenyewe.

Jioni vikaja viti vya plastiki na turubai kubwa la buluu, mvua ikitishia. Akaleta na maziwa. Akasema wapangaji wake wakizaliwa humu anaambiwa, wakioana anaambiwa, na wakifa vilevile anataka kuambiwa, si kusoma kwenye geti kama mpita njia. Akataka kujua Wangwe alisali kanisa gani. Nikasema yoyote. Akatikisa kichwa akasema mtu wa namna hiyo siku hizi hapatikani.

Nimemwalika mwalimu Waithira aje Jumamosi alasiri, baada ya wengine kuonyesha kazi zao Ayany. Nikamweleza kwamba kazi yangu haibebeki. Akauliza kama ni lile daraja. Habari zinatembea.

Jumatano, 26 Novemba

Leo watu walianza kumkumbuka marehemu.

Apiyo aliinuka. Ni Mluo, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na stendi, si wa kwetu, lakini aliona turubai akaingia. Akasema Wangwe alikuwa mteja wake. Mpole. Akasema usiku wa mvua mtu yule halali, na asubuhi ukimuuliza anasema alikuwa anawaza paa la nyumbani, kama linavuja, na nani atapanda kuliziba.

Hilo kitabuni halimo. Nilimtazama Apiyo usoni nione kama anadanganya. Hakuwa anadanganya. Watu wakaitikia mmm, hata wanaume.

Halafu mwenyekiti mwenyewe. Murunga akasema alifanya kazi na Wangwe mwaka mzima, kule Raila. Nikakohoa. Akaendelea. Akasema Wangwe alikuwa na tabia moja. Kila akipata nafasi alinunua shati la kijana wake, akalituma nyumbani, na kila mara lilikuwa dogo. Mtoto anakua, baba ananunulia yule aliyemwacha. Mwishowe akaacha kutuma. Mashati akawa anayaweka tu.

Chini ya kitanda cha Murunga kuna mfuko wa mashati madogo. Nimeuona miaka yote. Nilidhani anafanya biashara.

Wimbo wa kufunga nilishindwa kuuimba. Nadhani ni njaa. Sikula mchana.

Jioni nimeongeza mistari miwili kwenye mpango wangu: Apiyo azungumze kabla ya Murunga. Anaanza vizuri zaidi.

Alhamisi, 27 Novemba

Jentrix amepiga simu. Murunga alipiga kwetu kuuliza ukoo wa Wangwe, na sasa kanisa la Naitiri limemwombea! Ameniuliza ni Wangwe yupi. Nikamwambia hawezi kumjua, alikaa sana mjini.

Akasema pole kwa mkewe. Akasema, "Angalau yeye sasa anajua."

Anajua nini? Sikuelewa. Nikamweleza kuhusu stoo na kivuli. Akasema sawa, baba Mourine. Simu ikakatika. Mtandao wa kule ni mbovu.

Ijumaa, 28 Novemba

Kamati inauliza mwili uko mochari gani. Nimesema familia inashughulikia. Wameuliza familia iko wapi. Nimesema iko njiani. Murunga ameanza kutafuta basi la kusafirisha mwili. Nimemwambia asiharakishe. Akaniangalia kama mtu asiye na utu.

Hali hii lazima ishike hadi kesho alasiri tu. Nitatangaza ukweli baadaye, mwalimu akishanipa alama. Watu watacheka. Wengi ni wacheshi.

Kevin amepita hapa na simu yake. Akasoma tangazo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza kama nimesoma kitabu chote. Nikamjibu, mara mbili. Akauliza, "Mpaka mwisho, mzee wangu?" Nikamwambia mwisho ndio ninaoupenda zaidi. Akacheka tena, akasema kesho hakosi hata akivunjika mguu.

Wivu mtupu.

Jumamosi, 29 Novemba

Naandika nikiwa nimelowa. Niandike kwa utaratibu.

Mwalimu Waithira alifika na darasa zima nyuma yake. Wakarima akamkaribisha kiti cha mbele. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo. Watu walijaa mpaka barabarani. Nikampa Murunga ishara. Nyimbo zikaenda sawa. Apiyo akasimulia paa. Murunga akasimulia mashati, na safari hii hakumaliza, akakaa. Mama Daisy akasema Wangwe aliwahi kumwambia kwamba amesahau sauti ya mamake, anakumbuka maneno tu. Mwalimu akatoa kitambaa. Nikaona alama zangu zinapanda kama nyumba ya ghorofa.

Hapo ndipo Wakarima alipoinuka. Akasema maziwa yametosha na machozi yametosha, sasa kijana Khamala aseme mwili uko wapi ili tumpeleke huyu mtu kwao.

Nikasimama. Nikasema mwili... Nikasema kwa kweli mwili...

Kevin akashindwa kujizuia. "Jamani, huyu Wangwe ni wa kitabu! Kitabu cha darasani!"

Nikasema haraka kwamba ni kweli, ni wa kitabu, lakini amekufa kikweli, kwa maji, ukurasa wa themanini na sita. Nilidhani hilo litasaidia.

Mwalimu Waithira akanigeukia, mpole kabisa. "Khamala, Wangwe hakufa."

Nikaonyesha kitabu changu. Akakipokea, akatazama pale kilipochanika, akaniuliza kama sikuona kwamba hakina onyesho la mwisho.

Kuanzia hapo sikusikia vizuri. Murunga alivua koti. Mtu asiyevaa koti akilivua, usingoje. Nikakimbilia bafu la ploti, nikafunga komeo. Mvua ikaamua kunyesha yote wakati ule ule, juu ya mabati, na paa la bafu linavuja mahali pote isipokuwa juu ya ndoo.

Nikasikia makelele. Sukari yangu! Machozi yangu! Koti langu! Sauti ya Wakarima juu ya zote. Halafu, kupitia mvua, nikamsikia Apiyo akiuliza kwa nguvu, "Kama hakufa, alienda wapi?"

Makelele yakapungua. Nadhani mwalimu alitoa kitabu chake. Nikasikia sauti yake inasoma, inapanda na kushuka, lakini neno hata moja sikulipata kwa sababu ya mabati. Alisoma muda mrefu. Niliweka sikio kwenye mlango, nikasikia mlango. Kisha akamaliza. Kisha mtu akapenga kamasi. Kisha wote kwa pamoja, kelele moja kubwa, vigelegele, kama harusi!

Nikangoja. Hakuna aliyekuja kuvunja mlango. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Nilipotoka walikuwa wanakunywa chai. Ile ile ya matanga. Wakanifanyia nafasi. Wakarima akanimiminia kikombe, akatia sukari mwenyewe, akaniita kijana wangu. Murunga alikuwa amelivaa koti tena. Wote walinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Kama mtu anavyotazamwa hospitalini.

Nikauliza, ikawaje? Alienda wapi?

Wakarima akaniongezea sukari. Mwalimu alikuwa ametangulia kuwaambia wasinijibu.

Jumapili, 30 Novemba

Nimefaulu! Karibu.

Mwalimu amesema hajawahi kuona kitabu kikiingia katika maisha ya watu namna ile, ingawa aliyekiingiza hakukisoma. Filamu ya Kevin ilikuwa nzuri pia, amesema, hasa muziki. Hasa muziki! Nitamkumbusha Kevin neno hilo mpaka azeeke.

Sharti ni moja. Nisome onyesho la mwisho. Darasa likifunguliwa Januari nimweleze, kwa maneno yangu mwenyewe, Wangwe alifanya nini. Nikieleza, napanda. Basi. Kevin ametoa kitabu chake kizima akanikabidhi bila hata kejeli. Akasema, soma, mzee wangu. Onyesho lenyewe ni fupi.

Kwa nini nisome kitu ambacho ploti nzima imeshakisikia? Nimemwendea Mama Daisy. Amekataa. Apiyo amenipa omena lakini mwisho hakunipa. Wakarima amesema akinisikia nikiuliza tena atanipandishia kodi. Usiku nimembana Murunga. Alikuwa anakunja mashati. Akasema atanipa kitu kimoja tu, nisiombe cha pili: kuna sahani mezani, imefunikwa kwa sahani nyingine.

Sahani! Hiyo ni fasihi gani?

Jumapili, 14 Desemba

Mambo ya ajabu kwenye ploti.

Murunga ameondoka. Ameenda kwao Kimilili na mfuko wa mashati, wakati mjengo haujafungwa. Ephantus alimwambia akienda asahau nafasi yake. Murunga akamshika mkono akamtakia Krismasi njema. Nilimwuliza yale mashati atampa nani, kijana si amekuwa mkubwa? Akasema anataka kumwonyesha, si kumvalisha. Kisha akasimama mlangoni akaniuliza kama nimesoma. Nikasema niko mbioni.

Mama Daisy ameenda kwao juma lililopita, kumsikiliza mamake. Alisema hivyo hivyo, kumsikiliza. Apiyo amefunga meza yake. Hata Kevin, aliyezaliwa hapa hapa Kawangware, amepanda gari kwenda kumwona nyanya yake ambaye sikujua kwamba anaye. Wakarima anazunguka ua peke yake akilalamika kwamba wapangaji wamemhama, lakini anatabasamu.

Nadhani ni bei ya nauli. Lazima imeshuka, na mimi hawakuniambia.

Jumatano, 24 Desemba

Ploti ni yangu! Bomba halina foleni. Choo hakina foleni. Kitanda cha Murunga nimekigeuza meza. Mchana nimelala, jioni nimeoga mara mbili kwa sababu hakuna wa kunizuia.

Kitabu cha Kevin kiko hapa. Kina unene mzuri. Nimekiweka chini ya mguu mfupi wa jiko na sasa sufuria haiegemei upande. Hakijapata doa. Nitakitoa Januari, safi.

Kuhusu mwisho, sihitaji kuusoma. Nimeufikiria mwenyewe, kwa kutumia akili na sahani. Ni wazi. Wangwe ameokoka majini. Mtu mjinga angekimbilia nyumbani vile vile, mikono mitupu, matope mwilini, atie watu aibu. Wangwe si mjinga. Anarudi mjini. Anasoma. Anapata cheti. Anapewa stoo. Sahani ni zake mwenyewe, za karani, mbili, moja ya kufunika nyingine nzi wasiingie. Ndipo watu wakapiga vigelegele. Nimekwisha kuuandika kwa mwandiko mzuri, nitamwonyesha mwalimu. Kama mwandishi ameandika vingine, basi mwandishi amekosea.

Mourine amepiga simu saa moja jioni. Sauti yake imebadilika, nikadhani ni mamake. Akanitakia Krismasi njema. Nikamsikia Jentrix nyuma akipakua. Mourine akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mama amefanya tena kama mwaka jana na mwaka juzi: amepakua yangu, akaiweka mezani mahali pangu, akaifunika kwa sahani nyingine. Akaniuliza amwambie nini.

Nikamwambia amwambie asiharibu chakula. Wale.

Nikamsikia anapumua. Nikamwambia asihuzunike, baba yake ana akili, baba yake ameshamaliza kitabu. Na amwambie mamake aandae yule ng'ombe wa ahadi, kwa sababu safari hii sina shaka hata kidogo. Januari napanda kidato cha nne, Novemba nafanya mtihani, na Desemba ijayo nitarudi nyumbani, cheti mkononi, kabla ya Krismasi. Au Pasaka inayofuata, kama matokeo yatachelewa.